Maji ya Alfajiri Kitangiri

Kitangiri, Mwanza
7 Machi 1994

Mwanangu Shigela,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi shangazi yako Sabina, wewe na mkeo Prudencia na watoto wote. Nikikuuliza habari najua utasema nzuri, maana wewe hata ukiwa na homa ya siku tatu huandika "nzuri". Huku sisi ni wazima. Baba yako alipita juma lililopita kutoka Ngudu akiwa na magunia yake ya dengu, akalala kwangu siku mbili, akakoroma za siku nne. Goti langu linasumbua kidogo, lakini hilo si jambo la kuandikiana.

Kazi ya cherehani ipo, ila imebadilika sura. Zamani nilikuwa nashona, sasa napunguza. Soko huria limetuletea mitumba ya Wazungu wanene, basi mtu ananunua suruali moja, ananiletea, nami nakata mpaka inatoka ya kwake na kaptula ya mtoto, na siku nyingine unabaki mfuko wa kuwekea madaftari. Silalamiki. Mzungu akiendelea kunenepa nami nitaendelea kula.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mheshimiwa Waziri, huyo unayefanya kazi katika ofisi yake, alikuwa hapa juzi Jumamosi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Maige, alipita nyumba kwa nyumba kutuambia twende uwanjani Kirumba, na kikundi chetu cha kina mama kikaambiwa kitunge wimbo wa kumlaki. Mimi ndiye kiongozi wa sauti, kwa hiyo nikatunga. Tuliambiwa saa tatu, yeye akafika saa nane. Tuliimba kwa makoo makavu, lakini tuliimba vizuri.

Alipoanza kusema, alisema vizuri pia. Sauti anayo. Alisema zama za kubembelezwa zimekwisha, Serikali imejitoa kwenye biashara, kila mtu afunge mkanda. Hapo nikatabasamu, maana mikanda naijua. Mimi ndiye ninayeitoboa huku mtaani, na kuna watu wa Kitangiri ambao mkanda umebaki matundu matupu. Wa kwake ulikuwa umejificha chini ya tumbo, sikuuona. Nikasema moyoni, haya, ni mgeni, tumsikilize.

Kisha akageuza ukurasa. Akasoma, tena neno kwa neno: "Ninyi wa milimani Kitangiri msinililie maji. Maji yapo. Bomba la Kitangiri hutoka alfajiri. Anayekosa maji ni mvivu wa kuamka."

Shigela, uwanja mzima tulitazamana. Jirani yangu Kashindye, yule muuza dagaa mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa, aliniuliza, "Sabina, bomba gani hilo?" Alidhani ananong'ona. Mpaka jukwaa kuu waligeuka.

Mimi si mtu wa kupinga kila kitu. Kiongozi akisema hana fedha, namwelewa, hata mimi mara nyingi sina. Akisema tusubiri, tumezoea, juzi tu tumemsubiri kwa muda wa saa tano. Lakini kuniambia kwamba kitu ninacho, na sikioni kwa sababu ya usingizi, hilo ni tusi. Bomba pekee la Kitangiri unalijua, ni lile chuma lililosimama nyumbani kwa mzee Luhaga tangu enzi za Mwingereza. Kuku hulala juu yake.

Basi tumeandika barua kwa mhariri wa gazeti, kina mama arobaini na mmoja, wengine kwa sahihi na wengine kwa dole gumba. Nimeiweka humu ndani. Wewe uko hapo Dar es Salaam, ipeleke kwa mkono wako. Palipopinda panyooshe, ila usilainishe.

Na jambo moja dogo. Hebu niulizie hapo ofisini, ni nani humwandikia Mheshimiwa hotuba zake? Ningependa kumsalimu.

Ni mimi shangazi yako,
Sabina


Dar es Salaam
9 Aprili 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi hatujambo. Binti yetu Queen ameng'oka meno mawili na anadai alipwe fidia. Prudencia anakusalimu sana, anauliza kama unaweza kumpunguzia gauni. Masika yameanza na mtaa wetu umekuwa bwawa, tunavuka kwa matofali. Pole kwa goti, lichue kwa mafuta ya moto. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi.

Kuhusu hotuba. Barua ya kina mama nimeipata. Nimekwenda gazetini mara moja, mhariri alikuwa amesafiri. Nadhani tungoje kidogo moto upoe, maana lugha yenyewe ni kali. Mmeandika kwamba Waziri "amekunywa chai yetu akatutemea majani". Neno kama hilo likichapishwa litamkosesha mtu kazi.

Tena, shangazi, nionavyo mimi hamkumwelewa. Mheshimiwa alikuwa anahimiza. Hotuba bila kuchoma kidogo watu hulala. Na kwa kweli mimi mwenyewe naweza kuwa shahidi wake. Miaka saba niliyokaa kwako sikukosa maji hata siku moja. Kila asubuhi nikiamka pipa limejaa mpaka mdomoni. Wewe mwenyewe uliniambia bomba linatoka alfajiri. Kama siku hizi watu hawaamki, kosa la Waziri ni lipi?

Uliuliza nani huandika hotuba. Ni kazi ya watu wengi, huwezi kumnyooshea mtu mmoja kidole. Mimi, kama unavyojua, ni mafaili tu.

Nisalimie baba na majirani.

Mtoto wako,
Shigela


Kitangiri, Mwanza
28 Aprili 1994

Mwanangu Shigela,

Marahaba. Gauni la Prudencia alete, na hili dogo lililomo katika kifurushi hiki ni la Queen, fidia ya meno. Mwambie mengine akiyang'oa kwa makusudi silipi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimeshika kichwa. Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema katika barua yangu ya kwanza. Nilijua ni nani aliyeandika hotuba ile kabla Mheshimiwa hajafunga mdomo. Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuambiwa kwamba bomba la Kitangiri hutoka alfajiri, na aliyemwambia ni mimi.

Unakumbuka ulivyoletwa hapa? Mwaka 1966, una miaka tisa, umekumbatia kibuyu, unanuka ng'ombe. Baba yako alitaka usome mjini. Siku ya pili ukaniuliza maji ya mjini yanatoka wapi. Ukasema kama na huku yanabebwa kichwani kama kule kwetu kwenye malambo, basi unarudi Ngudu kwa ng'ombe wako, kwa sababu wao angalau unawajua kwa majina. Tena ulikuwa umekwisha funga mzigo. Mimi nikaona shule inaondoka na yule mtoto mlangoni. Nikakuonyesha lile chuma la kwa Luhaga, nikasema hilo ndilo bomba, hutoka alfajiri wewe ukiwa umelala.

Bomba lilikuwa shingo yangu, Shigela. Nilitoka saa kumi alfajiri na ndoo, nikashuka ziwani na kupanda, nikarudi tena. Ukiamka nimekwisha kausha miguu. Nilidhani ningefanya hivyo wiki moja mpaka uzoee. Ukazoea, nami nikakosa mlango wa kutokea. Siku moja ukaniuliza wale kina mama wanaopanda mawe na ndoo saa sita mchana ni akina nani. Nikajibu, "Wavivu hao, wamechelewa bomba."

Kumbe lile tusi ni langu. Nililipanda kichwani mwako, ukalitunza miaka karibu thelathini, ukampa Waziri akaja kunitukania uwanjani, na mimi nimetoka kumwimbia. Nimekukasirikia sana. Nimejikasirikia na mimi. Kisha nikacheka peke yangu kwenye cherehani mpaka mteja mmoja akaogopa kuniachia suruali yake.

Lakini mambo hayajaishia kwenye kicheko. Kuna mradi wa wafadhili wa kuleta mabomba kwenye mitaa tisa ya milimani. Kitangiri ilikuwa ya tatu katika orodha. Juma lililopita balozi Maige alikwenda kuulizia, akaambiwa tumeondolewa, Waziri mwenyewe amesema kwetu maji yapo. Orodha inafungwa mwisho wa Julai. Tukitolewa mwaka huu, Maige anasema tusubiri mradi mwingine, na mradi mwingine hakuna anayeujua. Kauli ile lazima ifutwe, na ifutwe na mdomo ule ule ulioitoa.

Kina mama hawajui kwamba ni wewe. Kashindye ametunga wimbo:

Mwandishi wa Waziri,
kalale Kitangiri,
uamke alfajiri,
utuonyeshe bomba.

Na kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa sauti, nakuimba kila Jumatano na Jumapili.

Shangazi yako,
Sabina


Kitangiri
30 Mei 1994

Shigela,

Mwezi umepita. Usiniambie barua imepotea njiani, maana Prudencia ameniandikia kushukuru kwa gauni la Queen, na gauni na barua vilikuwa kifurushi kimoja.

Wimbo wa Kashindye umepata ubeti wa pili. Siuandiki, utausikia ukija. Orodha inafungwa mwisho wa Julai.

Sabina


Dar es Salaam
14 Juni 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya muda wote niliokaa kimya. Nyumbani wazima.

Ni mimi. Nimeianza barua hii mara sita, na kila mara najikuta naandika habari za mvua. Mimi ndiye ninayeandika hotuba za Mheshimiwa, mwaka wa tatu sasa. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukiambiwa utazisikiliza.

Barua yako niliifungua ofisini. Nilipofika kwenye habari ya ndoo nikakumbuka kitu. Kila asubuhi ulipoinama kuniamsha, kanga yako ilikuwa mbichi mabegani. Nilidhani umetoka kuoga. Miaka saba, shangazi, na mimi ninayejiita msomi sikuwahi kujiuliza mtu gani anaoga na kanga. Nimeona aibu sana. Na ile sentensi ya wavivu, nikuambie ukweli, ndiyo niliyoipenda kuliko zote katika hotuba nzima. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wakacheka.

Barua ya kina mama sikuipeleka gazetini. Mhariri hakuwa amesafiri. Ilikaa kwenye droo yangu tangu Machi. Jana niliitoa nikampelekea Mheshimiwa mwenyewe mkononi, pamoja na maelezo yangu. Alisoma yote, hata kile kipande cha chai na majani. Tukazungumza. Usiniulize tulizungumza nini.

Tarehe 23 Julai atakuja tena Mwanza kufungua kiwanda kipya cha minofu ya samaki. Hotuba hiyo nitaiandika mimi. Tafadhali nitumie habari za kweli. Umbali wa ziwani, ndoo ngapi, muda gani. Bila chumvi, shangazi, nakuomba. Nimejifunza.

Shigela


Kitangiri, Mwanza
29 Juni 1994

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Afadhali umefungua kinywa. Nilikuwa nimeanza kufikiria kupanda treni nije nikuvute sikio mbele ya katibu muhtasi.

Ukweli ndio huu. Kutoka mlangoni kwangu hadi ziwani ni hatua elfu moja na mia mbili za kushuka. Za kupanda nilijaribu kuzihesabu, pumzi ikakataa. Ndoo moja ni saa nzima, kwenda na kurudi. Mwenye watoto wanne anahitaji ndoo sita, kwa hiyo huyo ndiye mvivu wako. Njiani kuna mawe matatu ya kupumzikia na kila moja lina jina. La kwanza tunaliita Karibu, la pili Bado, la tatu Mungu Nisaidie. Hapo kwenye la tatu ndipo nilipoteleza Februari na ndoo kichwani. Ndiyo habari ya goti, na sasa umeijua, usianze kuniandikia barua za pole. Ndoo ilipasuka, mimi nikabaki.

Nami nimekiri. Jumapili, kabla ya kuanza mazoezi, niliwaambia kina mama wakae. Nikasema, mnayemwimba ni mtoto wangu, na aliyemdanganya ni mimi. Nikaeleza yote kuanzia kibuyu. Kwanza walitazama chini. Nikaogopa, Shigela, maana hawa ndio ndugu zangu wa kila siku, wewe uko mbali. Halafu Kashindye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Kumbe bomba la alfajiri tumekaa nalo miaka yote linatushonea magauni." Basi ikawa kicheko cha mlima mzima.

Ila faini ni faini. Nimetozwa kuwapikia wote arobaini na mmoja michembe ya viazi vitamu kwa karanga, na wimbo tutauimba mbele ya Waziri kama ulivyo, na kiongozi wa sauti ni mimi. Nilijaribu kukata rufaa, ikatupwa.

Andika vizuri.

Sabina


Kitangiri, Mwanza
25 Julai 1994

Mwanangu Shigela,

Salamu kwa wote. Safari hii sitapita kwenye habari za kuku.

Mheshimiwa alifika saa sita, mapema kwa mtu wa cheo chake. Tulisimama kina mama wote wa Kitangiri, kila mmoja na ngata kichwani na ndoo tupu juu yake. Mimi nilipewa kiti kwa ajili ya goti. Alisifu kiwanda, akasifu sangara, akasema samaki wetu sasa wanapanda ndege. Kashindye akasema afadhali yao. Tukacheka, akatutazama, akageuza ukurasa.

Aliisogeza karatasi mbele na nyuma kwa muda wa kutosha mtu kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akasoma mbiombio, kama mtu anayemeza kwinini: "Mwezi wa tatu nilisema hapa kwamba Kitangiri kuna maji ya bomba. Nilielezwa visivyo. Kutoka nyumba za juu hadi ziwani ni hatua elfu moja na mia mbili, na kina mama wa Kitangiri huzipanda kila siku na ndoo kichwani. Hao si wavivu. Naagiza mtaa huo urudishwe katika mradi."

Hakuna aliyepiga makofi. Si kwa ubaya, tulishangaa tu. Mimi nina miaka hamsini na sita, nimesimama kwenye mikutano tangu TANU, na sijawahi kumsikia mkubwa akisema nilikosea. Makofi yakaja baadaye, nayo yakakataa kuisha.

Lakini yalipotulia aliweka karatasi chini, akasema ya kichwani mwake: "Na huyo aliyenieleza visivyo nimekwisha mwondoa katika kazi hiyo."

Wewe hukuniambia. Niliisikia kwenye kipaza sauti pamoja na wauza karanga. Maige akatoa ishara kwamba sasa ni zamu yetu kuimba, na mimi sauti haikutoka. Kashindye akanishika bega akawaambia wenzake, "Huo wimbo leo tuuache. Mtoto kashalipa." Tukaimba wimbo mwingine wa zamani, wala sijui tuliuimbaje.

Leo asubuhi Maige amekwenda kuangalia orodha. Tumo, namba tisa badala ya tatu. Wanaume wa mtaa wamefurahi, kina mama tunauliza kwa nini tisa. Barua nyingine inaandaliwa.

Sasa uniambie ukweli. Umefukuzwa? Prudencia anajua? Kuna chakula?

Shangazi yako,
Sabina


Dar es Salaam
20 Agosti 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Chakula kipo, tena tunakula mapema. Sikufukuzwa. Nimehamishiwa masijala, chumba cha chini chenye mafaili na mende. Nilipokuandikia kwamba mimi ni mafaili tu nilikuwa nasema uongo, sasa si uongo tena. Saa tisa na nusu niko nyumbani. Prudencia anasema amepata mume mpya, na wa zamani asirudi.

Sikukwambia kwa sababu ungesema niache. Siku ile Juni Mheshimiwa aliweka barua yenu mezani akaniambia, "Shigela, hapa mmoja wetu lazima aonekane mjinga uwanjani." Nikamjibu, "Mimi, Mheshimiwa. Ndiye niliyeandika." Akauliza, "Na wewe nani alikwambia maji hutoka alfajiri?" Nikasema shangazi yangu aliyenilea. Akasema hata yeye bibi yake alimwambia shingo ya kuku inaongeza akili, na kwa miaka kumi alikula shingo huku wenzake wakila mapaja. Akacheka, akatia sahihi barua ya uhamisho, akaniambia nimwandikie na hiyo hotuba ya Julai kabla sijaondoka, naye ataisoma kama ilivyo. Sikumchukia. Alitimiza alichoahidi, na mimi nikatimiza cha kwangu.

Kazi ile niliipenda, shangazi, nisikudanganye. Kusikia maneno yako yakitoka kwenye redio ni ulevi. Wiki za kwanza masijala nilikuwa natembea nikitunga hotuba za watu wasiokuwepo. Imeanza kupungua.

Kuna swali limenikaa. Mara mbili kila alfajiri, miaka saba, na mimi nilikuwa mtoto mwenye nguvu. Nilipofika miaka kumi na mbili, kumi na tatu, nisingerudi tena Ngudu, ulijua hivyo. Kwa nini hukuniamsha hata siku moja?

Shigela


Kitangiri, Mwanza
19 Februari 1995

Mwanangu Shigela,

Marahaba, na nisamehe kwa kimya. Safari hii mchelewaji ni mimi. Kina mama wote wanakusalimu, na Kashindye anasema ukija usiogope, wimbo wako ameufanya wa kumbembelezea mjukuu.

Bomba limefika. Wamelisimamisha karibu na lile chuma la Luhaga, na kuku hawajaamua wahamie lipi. Kashindye ndiye aliyekinga wa kwanza, akanywa, akasema yana ladha ya misumari. Tumekwisha peleka malalamiko. Usidhani tumekuwa wapole.

Umeuliza kwa nini sikukuamsha. Swali lako lilinisumbua, ndiyo maana nilichelewa kujibu. Nimetafuta sababu kubwa ya kukupa wewe msomi, sikuipata. Nilikuwa nasimama mlangoni na ndoo, nakutazama. Ulikuwa unalala vizuri, basi.

Sasa sikiliza ya Jumanne. Jumatatu jioni nilijaza pipa hapo hapo bombani, nikafunika, nikajilaza. Nikashtuliwa na mlango unagongwa kama unataka kung'oka. Nje nasikia Kashindye analia kwa sauti ile unayoijua, "Sabina ametutoka, jamani, Sabina ametutoka." Nikafungua. Mtaa mzima uko uani kwangu, Maige ameshika shoka la kuvunjia mlango, jua limekwisha vuka paa la Luhaga. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mimi nimesimama pale nina alama ya mto shavuni. Kashindye alinitazama juu mpaka chini, akafuta machozi, akakasirika kwamba sikufa, kwa sababu alikuwa amekwisha tuma mtu Ngudu kwa baba yako.

Kwa hiyo ukipata habari za msiba wangu kutoka huko, usikate tiketi. Nililala tu, mwanangu. Nina miaka hamsini na saba, na ndiyo mara ya kwanza jua linanikuta kitandani nikiwa sina homa.

Shangazi yako,
Sabina